Seti ya sola ya volti 12: linganisha maelekezo kabla ya kulinganisha betri

Mteja wa sola hapa Kigoma anauliza mambo matatu: bei, ampea na waranti. Akiridhika anatoa hela. Kikaratasi cha maelekezo haulizii, na sisi wauzaji wa eneo la Mwanga hatumkumbushi, maana mizigo mingi inatoka Kariakoo ikiwa imeshavuliwa maboksi ili iingie mingi kwenye gunia moja. Karatasi zimebaki Dar es Salaam. Halafu siku si nyingi mtu anarudi, au harudi yeye ila maneno yake ndiyo yanafika: ile betri ni feki. Ukiipima, nzima.

Nimekaa nyuma ya kaunta muda wa kutosha kuona kwamba jina la bidhaa, zuri au baya, linajengwa usiku wa kwanza, na usiku wa kwanza unategemea kile mtu alichosoma au alichoambiwa. Kwa hiyo hapa sishindanishi betri na betri. Nalinganisha aina nne za maelekezo utakazokutana nazo ukinunua seti ya kawaida ya volti 12, yaani paneli, kontrola (kile kiboksi kinachosimamia chaji kati ya paneli, betri na taa), betri na taa za LED, iwe ya nyumba ya Gungu au ya boti la dagaa la Katonga. Ukishajua ipi inakufaa, kuchagua betri yenyewe kunakuwa kazi ndogo.

Karatasi inavyoua jina la betri nzima

Mwaka 2006 mtafiti Elke den Ouden wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, aliangalia vifaa vya umeme vilivyorudishwa madukani kwa madai ya ubovu. Karibu nusu yake vilikuwa vinafanya kazi vizuri, wenyewe ndio walioshindwa kuvitumia. Alikuta pia kwamba mnunuzi wa Marekani huhangaika na kifaa kipya kama dakika 20 hivi, kisha anakata tamaa. Mwaka 2011 kampuni ya Accenture ikatoa hesabu ya soko la Marekani: kati ya vifaa vilivyorudishwa, vyenye hitilafu ya kweli vilikuwa asilimia 5 tu. Asilimia 68 vilipopimwa havikukutwa na tatizo lolote.

Huko kifaa kinarudi dukani na mtu anahesabu. Kwetu hakirudi. Kinapanda juu ya kabati, au kinaishia kwa fundi anayekifungua kutoa vipuri, na kinachosafiri ni maneno. Siku za mbalamwezi wavuvi hawatoki. Wanakaa mwaloni wanatengeneza nyavu na kuongea. Mmoja wa Kibirizi akisema betri fulani ni mbovu, giza linalofuata likifika hakuna anayeigusa tena, na wewe muuzaji unabaki na shehena.

Wajerumani jambo hili wameliingiza kwenye sheria. Tangu 2002 sheria yao ya mauziano inahesabu maelekezo mabovu ya kuunganisha kuwa kasoro ya bidhaa yenyewe, na wenyewe wanakiita kifungu cha IKEA, kwa jina la kampuni ya samani za kujiunganishia nyumbani. Umoja wa Ulaya nao una kanuni ya namna hiyo katika agizo lake la 2019 kuhusu uuzaji wa bidhaa. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya malalamiko. Lakini kumbana mtu kwa sababu ya kikaratasi kibovu ni safari ndefu. Kukifungua dukani ni jambo la dakika mbili.

Mahali patatu ambapo maelekezo yanapimwa

Pa kwanza ni kuunga kontrola. Ile ndogo ya kawaida ina matundu sita ya skrubu kwa chini, mawili mawili: paneli, betri, taa. Unaanza na betri. Hapo kontrola inasoma volti na kujua kama iko kwenye mfumo wa 12 au wa 24. Inafuata paneli, taa zinakuwa za mwisho, na siku ya kufungua unarudi kinyumenyume. Ukianza na paneli, kontrola inakutana na volti 21 au 22 za paneli iliyo juani bila mzigo, nayo inaweza kudhani iko kwenye mfumo wa 24, au ikaungua papo hapo. Anayeanza na paneli wala si mjinga. Paneli ndiyo kubwa, ndiyo iliyo tayari juu ya bati, mkono unakwenda huko wenyewe. Ndiyo maana jambo hili linatakiwa liandikwe ukurasa wa kwanza kwa herufi za kuonekana, si ukurasa wa saba.

Pa pili ndipo majina ya bidhaa yanapozikwa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Wavuvi wengi walitoka kwenye karabai wakaingia kwenye LED za betri ya asidi, na betri ya asidi walishaizoea: ikikaribia kwisha taa zinafifia, unaona, unajipanga. Lithiamu ya fosfeti, ile inayoandikwa LiFePO4, haina tabia hiyo. Inawaka vilevile mpaka mwisho, halafu ubao wa ulinzi uliomo ndani unakata ghafla ili seli zisiharibike, mara nyingi volti zikishuka hadi 10 au 11. Ukiweka mita unasoma sifuri, au volti mbili tatu za kuzugia. Betri imelala, na ukiipa chaji inayofaa lithiamu inaamka. Sasa mtu ambaye hakuambiwa haya ataamini nini?

Mzee mmoja wa Buhingu aliishusha yake kaunta, imefungwa kwenye khanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, betri yenu imetufia katikati ya ziwa. Haikufifia hata kidogo, imezima kama mtu kabonyeza swichi."

"Mita ilisoma ngapi?"

"Fundi wa kule kapima, sifuri. Kasema seli zimekufa, nikauze chakavu."

Tuliichomeka kwenye chaja ya lithiamu. Hajamaliza kikombe cha chai, ikasoma volti 13. Akaitazama mita, akanitazama mimi. "Sasa hili mlishindwa nini kuliandika?"

Mstari mmoja tu kwenye jedwali la matatizo ungemwokolea nauli ya kuja mjini, na sisi ungetuokolea jina kuanzia Buhingu mpaka Kalya.

Pa tatu ni kuhifadhi. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na betri za maboti zikakaa bure miezi mitatu. Kanuni za aina hizi mbili zinapingana. Ya asidi inahifadhiwa ikiwa imejaa, na inaongezwa chaji kila baada ya wiki kadhaa. Ikikaa tupu inashika salfeti ndani na hairudi ilivyokuwa. Lithiamu inahifadhiwa ikiwa na chaji kama nusu, nyaya zimechomolewa, maana hata kontrola iliyolala inakula kidogo kidogo. Anayetumia kanuni ya asidi kwenye lithiamu hapati hasara ya haraka. Anayeacha betri ya asidi ikiwa nusu kwa miezi mitatu, huyo ndiye atakayesema mwezi Agosti kwamba aliuziwa takataka.

Kijitabu cha Kiswahili

Hiki utakikuta zaidi kwenye seti za kulipia kidogo kidogo na kwenye zile zilizopimwa ubora chini ya VeraSol, mpango uliorithi kazi ya Lighting Global ya Benki ya Dunia. Huko hawapimi taa na betri peke yake. Wanaangalia pia kama seti inakuja na mwongozo wa kufunga, kutumia na kutatua matatizo, na kama maneno ya kwenye boksi ni ya kweli.

Kwenye kuunga, kijitabu cha namna hii mara nyingi hakina mpinzani, kwa sababu soketi zenyewe zimetengenezwa ili usiweze kukosea. Kwenye betri kuzima ghafla, vizuri vinasema wazi: taa ikizima yenyewe, weka juani, subiri. Mteja aliyesoma hayo hata taa ikimzimia anasema betri yangu inajilinda. Ambaye hakusoma anasema feki. Kifaa ni kilekile.

Udhaifu wake upo. Ufupi mno ni mmoja, na vingi nilivyofungua havina neno hata moja kuhusu kuhifadhi. Mwingine ni kijitabu kimoja kuhudumia modeli tatu, unabaki unajiuliza kitufe wanachokisema kiko wapi kwenye ya kwako. Halafu kuna hiki Kiswahili cha kutafsiriwa na mashine, ambacho siku hizi kimejaa. Kinaonekana cha Kiswahili kwa mbali, ukikisoma huambulii kitu. Hicho kihesabu kama hakipo. Mimi nikikiona naanza kujiuliza ni kitu gani kingine wamekiruka.

Kijitabu cha Kiingereza

Kwa ujazo wa habari hiki kinashinda, nalisema bila kusita. Volti za kuchajia zimo, 14.4 hadi 14.6 kwa LiFePO4, volti za kukata zimo, kuhifadhi kumo, mpangilio wa aina ya betri kwenye kontrola umo, ile b1, b2, b3 ambayo watu wanaibonyeza kwa kubahatisha. Fundi mzuri anakipenda, na namba hazihitaji lugha.

Lakini angalia kinavyotumika nyumbani. Baba ananunua, kijana wa kidato cha nne ndiye anayeitwa kusoma, anasoma kurasa mbili za onyo, anachoka, anasema "nimeelewa, tuunge." Mambo yaliyokuwa na maana yalikuwa mbele. Mtafiti John Carroll, alipokuwa IBM miaka ya 1980, aliliona hilohilo kwa wafanyakazi wa ofisi waliopewa vitabu vinene vya kompyuta: hawasomi kwa mpangilio, wanaruka, wanajaribu. Akapunguza kitabu kikabaki na kazi zenyewe na namna ya kujinasua ukikwama, na watu wakajifunza haraka zaidi. Watengenezaji wengi wa kontrola bado hawajafikiwa na habari hizo.

Kuna jambo lingine kuhusu hiki kijitabu. Unene wake unampa mteja imani dukani. Anakipima mkononi, anaona hii ni kampuni ya maana, ananunua, wala hakifungui. Kwa hiyo kinasaidia kuuza, ila hakimsaidii mtu usiku. Na imani iliyopandishwa hivyo ikianguka, inaanguka kwa kishindo zaidi ya ile ya seti ya bei poa ambayo mtu hakuitegemea chochote.

Picha tupu

Kwa kuunga, picha nzuri inashinda maneno ya lugha yoyote, kwa sharti moja: iwe picha ya kifaa kilekile ulichoshika, matundu kwa matundu. Namba 1 kwenye betri, 2 kwenye paneli, 3 kwenye taa, alama ya mkasi juu ya kosa. Asiyejua kusoma anaunga, na mtoto anaunga.

Tatizo la kwetu ni fotokopi. Karatasi ya asili ilikuwa ya rangi, waya mwekundu na mweusi. Muuzaji akatoa nakala kwa mashine ya steshenari, nyaya zote zikawa nyeusi, na alama za chanya na hasi zikafifia zikawa vidoti. Hapo picha inageuka mtego, maana mtu anaifuata kwa uaminifu na kugeuza nyaya. Ukipewa nakala ya namna hiyo, mwambie muuzaji akuandikie chanya na hasi kwa kalamu mbele yako, kisha hakikisha kwenye betri yenyewe.

Kwenye betri kulala, picha haikusaidii kitu. Unachoraje kwamba sifuri ya mita haina maana ya kifo?

Msimbo wa QR

Ulibuniwa na Denso Wave ya Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, sasa umekuwa njia ya kuokoa karatasi. Unapiga picha kwa simu, inafunguka video au faili. Ikifunguka na ikawa ya lugha unayoielewa, hakuna kinachoizidi, kwa sababu unaona mkono wa mtu ukikaza skrubu. Lakini inataka simu janja, bando na mtandao, na ukishaacha Kigoma kwenda kusini ziwani mtandao unakuja na kuondoka. Mingine inafungua ukurasa uliokufa. Kampuni iliyoweka msimbo peke yake bila hata karatasi moja imeamua kwamba wewe wa Sigunga si mteja wake. Nami naichukulia hivyo.

Na fundi je?

Watu wengi watasema karatasi ya nini, mafundi wapo. Ni kweli, na kwa hilo Kigoma ina mfano mkubwa kuliko mji wowote nchini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli, ikapanda treni kuelekea huku. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1915 meli ikashushwa majini. Haikuja na masanduku tu. Kiwanda cha Meyer kiliambatanisha wajenzi watatu wa palepale kiwandani, watu waliokuwa wanaijua kabla haijafunguliwa. Huo ndio mwongozo wa uhakika: anayejua anakuja na mzigo.

Ila wewe hutumiwi mtu kutoka Shenzhen, China. Fundi utakayempata naye anakisoma kikaratasi hichohicho, au hakisomi, na akikosa jibu anasema lililo rahisi kwake: mali mbovu. Yule wa Buhingu aliyepima sifuri hakuwa tapeli. Kwa betri za asidi alizozizoea, jibu lake lilikuwa sahihi.

Sasa uchague ipi

Kama ni nyumba ya mjini, Mwanga, Gungu au Ujiji, na una fundi wa karibu anayeijua lithiamu, chukua yenye kijitabu cha Kiingereza chenye namba kamili, hata kama hutakisoma wewe. Kitunze pamoja na risiti. Kitamfaa fundi, na siku ya kudai waranti kitakuonyesha kama uliunga walivyotaka.

Kama ni boti, au ni nyumba ya wazazi kijijini ambako fundi ni safari, Kiswahili chenye jedwali la matatizo kinatangulia hata ampea. Ningekubali betri ndogo kidogo yenye maelekezo yanayoeleweka kuliko kubwa iliyo bubu. Najua wavuvi watanibishia hapa, kwa sababu ampea ni saa za mwanga na saa za mwanga ni dagaa. Basi ukiamua kuchukua ile kubwa, mlipe muuzaji kwa sharti kwamba akuandikie kwa mkono mambo matatu nyuma ya risiti: mpangilio wa kuunga, la kufanya ikizima ghafla, na namna ya kuihifadhi ziwa likifungwa. Akishindwa kuandika, umeshajua kiasi anachokijua kuhusu anachokuuzia.

Picha tupu zinatosha kwa taa ndogo za mkononi na seti za kuchomeka ambazo hazina kontrola ya skrubu. Zaidi ya hapo hapana.

Unapofungua karatasi kaunta, anza na namba ya modeli. Kama iliyo kwenye karatasi si iliyo kwenye kifaa, uko na mwongozo wa bidhaa nyingine, rudisha. Tafuta mchoro wa kuunga ulinganishe na matundu unayoyaona. Tafuta sehemu ya matatizo. Kisha tafuta simu au anwani ya mtu aliye Tanzania. Waranti ya miaka mitano isiyo na namba ya kupiga ni pambo la boksi. Lakini karatasi nzuri nayo isikulevye. Kuchapisha kijitabu kizuri ni rahisi kuliko kutengeneza seli nzuri, na nimeona betri nyepesi kuliko uzito ulioandikwa kwenye mwongozo wake wenye picha za kupendeza. Kama mwongozo unataja uzito, omba mizani.

Na kama uliyoipenda ina msimbo wa QR tu, uufungue hapohapo dukani kwa mtandao wa muuzaji. Ikija video, ipakue kwenye simu, uitazame mpaka mwisho kabla ya kulipa, umtumie na atakayekaa na betri usiku. Boti likishaondoka Kibirizi, bando halitakusaidia.